Kambi ya Siku Kumi, Jalada la Miezi Tisa

Kila mwaka masika yanapokwisha na barabara za wilayani kupitika tena, hospitali nyingi za rufaa nchini Tanzania huanza kupokea wageni wa muda mfupi. Ni madaktari bingwa wa upasuaji, wataalamu wa usingizi na wauguzi wa chumba cha upasuaji, ambao wengi wao hutumia likizo na nauli zao wenyewe kuja kufanya kazi kwa siku 7, 10 au 14. Wapo wanaorekebisha midomo sungura, wapo wanaotoa mtoto wa jicho, wapo wanaoziba matundu ya moyo kwa watoto. Kambi inapokwisha hutolewa taarifa yenye idadi ya waliopasuliwa na picha ya pamoja mbele ya jengo. Taarifa hiyo haimtaji aliyeandika barua za mwaliko, aliyefuatilia usajili wa wageni kwenye mabaraza ya kitaaluma, wala aliyeshinda uwanja wa ndege akisubiri sanduku la nyuzi za kushonea.

Ukimya huo umejenga imani kwamba karatasi ni kazi ya makarani na tiba ni kazi ya madaktari. Imani hiyo inawaumiza wagonjwa. Hospitali zinazopokea wageni ndizo zenye uwezo wa kuibadili, kwa sababu zinashika kitu ambacho hakuna timu inayoweza kukikwepa: barua ya mwaliko. Pasipo barua hiyo maombi ya viza hayana mashiko, usajili wa daktari hauanzi, na dawa hazina mwenyeji.

Yafaa kutazama mambo yanavyokwenda pale maandalizi yanapochelewa. Tangazo la kambi limekwisha kusomwa redioni, misikitini na makanisani. Mama mmoja kutoka kijiji cha mbali amekopa nauli, amemwacha mtoto mkubwa kwa bibi yake, na amelala siku mbili katika ukumbi wa hospitali akiwa na mtoto wa miezi 8 mwenye mdomo sungura. Usiku mtoto amezuiwa kunyonya kwa ajili ya upasuaji wa asubuhi. Asubuhi mama anaambiwa kuwa upasuaji umeahirishwa kwa sababu mzigo wa timu haujatoka forodhani. Kesho yake anaambiwa vivyo hivyo. Siku ya nne mzigo unatoka, lakini orodha imefupishwa, na jina la mtoto wake lililokuwa la 31 halimo tena. Mfano huu umetungwa, lakini kila kipande chake kinafahamika kwa muuguzi yeyote aliyewahi kusimamia kambi. Ndani yake hakuna mtu mwovu. Daktari mgeni alikuwa tayari, ofisa wa forodha alifuata sheria, muuguzi alifanya alilotumwa. Kilichokosekana ni jalada moja lililoanzishwa mapema na kushikwa na mtu mmoja.

Jambo la kwanza katika jalada hilo ni usajili wa wataalamu wenyewe. Udaktari Tanzania Bara unasimamiwa na sheria ya mwaka 2017 inayohusu udaktari, udaktari wa meno na afya shirikishi, na chombo chake ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Wauguzi na wakunga wana sheria yao ya mwaka 2010 na baraza lao. Mgeni anayekusudia kumgusa mgonjwa, hata kwa siku 5, anahitaji usajili wa muda. Huombwa nakala za vyeti, leseni ya kazi iliyo hai, wasifu, pasipoti, barua ya hospitali mwenyeji, pamoja na cheti cha mwenendo mwema kutoka baraza la nchi anakotoka. Cheti hiki cha mwisho ndicho kinachowaangusha wengi. Kile kinachotolewa na baraza la Uingereza, kwa mfano, hudumu miezi 3 tu. Anayekiomba mapema mno hukuta kimekwisha muda kabla ya safari, na anayekiomba kwa kuchelewa hufika kabla hakijafika. Mratibu mwenye uzoefu hupiga hesabu ya kurudi nyuma: siku ya upasuaji wa kwanza, muda wa baraza kushughulikia maombi, muda wa cheti kutolewa, ndipo anapata tarehe ya kumwandikia mgeni. Hesabu hiyo si ngumu. Tatizo ni kwamba aghalabu haifanywi na mtu yeyote.

Na hapa pana jambo linalowashangaza wageni wengi, na hata baadhi ya wenyeji. Uhamiaji ni jambo la Muungano, lakini afya si jambo la Muungano. Viza iliyotolewa inamwingiza mgeni Dar es Salaam na Unguja vilevile, ilhali usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika haumpi ruhusa ya kushika kisu Zanzibar. Timu inayopanga kufanya kazi wiki moja Bara na wiki moja Visiwani ina majalada mawili ya usajili, si moja. Kadhalika, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya safari ya Zanzibar yenyewe, kwa ada ya dola 44, hata kama ana bima nyingine aliyoikata kwao. Ni fedha ndogo kwa mtu mmoja. Kwa timu ya watu 20 ambayo haikuiweka katika bajeti, ni mjadala mrefu kaunta ya uwanja wa ndege.

Viza nayo ina uzushi wake. Limezoeleka shauri, ambalo hutolewa kwa nia njema na watu waliokwisha kuja mara kadhaa, kwamba mgeni aandike kuwa anakuja kutalii, kwa kuwa viza ya kawaida ni nafuu na haina maswali. Shauri hilo lapaswa kukataliwa waziwazi na kila hospitali. Viza ya kawaida hairuhusu kazi, iwe ya mshahara au ya kujitolea. Kwa kazi maalumu isiyozidi miezi 3 ipo viza ya biashara, ambayo ada yake imekuwa dola 250. Kwa watu wa kujitolea na watafiti wanaokaa zaidi kipo kibali cha ukaazi cha daraja C. Tofauti ya bei inaonekana kubwa, lakini izingatiwe nini hutokea mgonjwa anapopata madhara mezani. Daktari aliyeingia kama mtalii na kupasua pasipo usajili hana bima ya kitaaluma itakayomtetea. Hospitali iliyomruhusu haina jibu mbele ya familia. Na daktari kijana mwenyeji, ambaye jina lake ndilo pekee lililosajiliwa katika chumba kile, ndiye anayebaki na jalada la mgonjwa mkononi. Mgeni hurudi kwao akiwa na huzuni ya kweli. Mwenyeji hubaki na shauri.

Husemwa kwamba watu hawa wanakuja kutoa, hivyo kuwadai karatasi ni utovu wa shukrani. Hoja hii ina mvuto kwa kuwa ukarimu kwa mgeni ni sehemu ya utu katika jamii zote za nchi hii. Lakini mgonjwa naye ni mgeni wa hospitali, na hana namna ya kuuliza kama aliyevaa barakoa mbele yake ana leseni iliyo hai. Ameuacha mwili wake mikononi mwa hospitali akiamini kwamba hospitali imeuliza kwa niaba yake. Daktari Mtanzania akienda London au Toronto hataruhusiwa kumfunga kidonda mtu yeyote kabla ya kusajiliwa, na hakuna anayeliona hilo kuwa dharau. Kuna timu za kigeni ambazo zimeheshimu utaratibu wa wenyeji kwa vizazi: madaktari wa China wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964 na Tanzania Bara tangu 1968, kwa makubaliano ya serikali na serikali. Ukubwa wa moyo wa mtu haupimwi kwa wepesi wa kumpitisha mlangoni.

Baada ya watu huja mizigo, na hapa ndipo kambi nyingi hukwama. Timu ya upasuaji husafiri na masanduku 20, 30, wakati mwingine zaidi: nyuzi, glavu, mirija ya kupumulia, dawa za usingizi, antibayotiki, mashine za kufuatilia mapigo ya moyo. Kila kimojawapo kina mlango wake. Dawa na vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo hadi mwaka 2019 ilijulikana kama TFDA. Kodi na forodha ziko chini ya Mamlaka ya Mapato. Orodha inayotakiwa si ile ya kuandika “sanduku la dawa mchanganyiko”. Inataka jina la dawa, nguvu yake, idadi, mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Timu isiyoweza kuandika orodha hiyo haijui imebeba nini, na timu isiyojua imebeba nini haifai kumlaza mtu usingizi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya dawa mwaka 1996, likaurudia mwaka 1999 na tena mwaka 2010. Msingi wake ni kwamba dawa iliyotolewa iwe na angalau mwaka mmoja wa uhai inapoingia nchini, na kwamba hakuna ubora wa aina mbili: isiyokubalika kwa mtoaji isipelekwe kwa mpokeaji. Kipo kifungu ambacho waratibu wengi hawakijui, nacho kina manufaa makubwa kwa kambi. Dawa inayopelekwa moja kwa moja katika hospitali maalumu inaweza kuwa na muda mfupi zaidi, ikiwa mtaalamu anayeipokea ameambiwa tarehe yake na kukubali, na ikiwa kiasi chake kitatumika kabla ya kuisha. Maana yake ni kwamba mfamasia wa hospitali mwenyeji lazima aione orodha kabla sanduku halijafungwa. Mfamasia huyo, ambaye mara nyingi huitwa siku ya mwisho ili kutia sahihi, alistahili kuwa mtu wa tatu au wa nne kuarifiwa kwamba kambi ipo.

Dawa za kulevya za kitabibu zahitaji neno la peke yake. Mofini, pethidini na fentanili zimo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961. Diazepamu na midazolamu zimo katika ule wa 1971. Hakuna daktari anayeweza kuzibeba kwenye begi la mkononi kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa kuwa tu ni daktari. Mtaalamu wa usingizi aliyezoea kufungua droo na kuchukua fentanili hospitalini kwake huenda asifikirie kwamba ampuli zilezile, zikiwa ndani ya sanduku lake bila kibali cha nchi anakotoka na cha nchi anakokwenda, zinamweka katika mkondo mmoja na msafirishaji wa dawa za kulevya. Njia salama ni moja: dawa hizi zisibebwe kabisa. Hospitali mwenyeji izipate kwa utaratibu wake wa kawaida kupitia Bohari ya Dawa, kwa kuagiza mapema kiasi kinachokadiriwa kulingana na orodha ya wagonjwa. Ikiwa hazipatikani za kutosha, idadi ya wagonjwa ipungue. Kumpasua mtoto kisha kumkosesha dawa ya maumivu usiku ule si kambi, hata kama hesabu ya mwisho itapendeza.

Kuhusu mashine, Shirika hilohilo lilikwisha kueleza kwamba katika baadhi ya nchi ni asilimia 10 hadi 30 tu ya vifaa vya msaada ambavyo hufikia kufanya kazi. Sababu nyingine ni za kawaida hadi zinaudhi. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Mashine ya Marekani iliyoundwa kwa volti 110 huungua siku inapochomekwa, labda iwe na transfoma yake. Kiungo cha mtungi wa oksijeni cha nchi moja hakiingii katika mtungi wa nchi nyingine. Fundi wa vifaa tiba wa hospitali angeweza kusema yote haya kwa barua ya nusu ukurasa, kama angeandikiwa. Na kwa kuwa mambo madogo ndiyo huchelewesha foleni, wageni waambiwe pia kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Vifungashio vya huduma za afya vimeachwa nje ya katazo hilo, lakini anayepanga glavu zake katika mifuko ya dukani atakuwa na mazungumzo yasiyo ya lazima na maofisa.

Wageni wenyewe nao wana miili. Jambo hili husahauliwa kwa sababu madaktari hujiona kuwa nje ya magonjwa. Chanjo ya homa ya ini aina B hutolewa kwa dozi tatu katika kipindi cha miezi 6, na mtu atakayeshika sindano na damu kila siku hapaswi kuianza wiki mbili kabla ya safari. Cheti cha homa ya manjano hutakiwa kwa anayetoka katika nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, au aliyepita humo kwa zaidi ya saa 12. Hivyo daktari wa Ujerumani anayekuja moja kwa moja hahitaji, ilhali mwenzake aliyelala Addis Ababa au Nairobi kwa ajili ya ndege ya bei nafuu anahitaji. Cheti hicho huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Uamuzi wa njia ya ndege, kwa hiyo, ni uamuzi wa chanjo pia. Anayekata tiketi na anayeratibu afya za wageni wapaswa kuzungumza.

Kuna swali jingine ambalo hukosa mwenyewe: mgeni akijichoma sindano siku ya tisa, na ndege yake ni siku ya kumi, nani atampa dawa za kujikinga na virusi vya UKIMWI? Dawa hizo huanza mapema iwezekanavyo, si zaidi ya saa 72, na humezwa kwa siku 28. Hospitali ina utaratibu wake kwa watumishi. Je, mgeni amo? Atapimwa wapi, matokeo yatakwenda kwa nani, atabeba dozi za siku ngapi? Jibu la maswali haya ni aya moja katika makubaliano ya awali. Likikosekana, linatafutwa usiku, kwa simu, na mtu aliyekwisha kuingiwa na hofu.

Katika mambo yote ya jalada, hata hivyo, lililo gumu kuliko mengine ni orodha ya majina. Timu za kujitolea hubadilika. Mtu huugua, mwingine hukosa likizo, mwingine hupata mtoto. Miezi 2 kabla ya safari jina huondoka na jina jipya huingia, na mratibu wa ng’ambo huandika kwa furaha kwamba “nafasi imezibwa”. Nafasi imezibwa kwenye ndege. Kwenye usajili bado iko wazi. Kwa daktari wa upasuaji mmoja kati ya watatu, pengo hilo huvumilika. Kwa mtaalamu wa usingizi halivumiliki, kwani kambi nzima husimama juu ya idadi ya watu wanaoweza kumlaza mgonjwa na kumwamsha salama, na hao ni wachache katika hospitali nyingi nchini. Kinachotokea kwa kawaida ni kwamba hospitali huwaazima wataalamu wake wa usingizi kutoka zamu ya dharura. Mama anayehitaji upasuaji wa uzazi usiku ule hajui kwamba ameingia kwenye foleni ya kambi. Kanuni inayofaa ni kali, lakini inaeleweka: orodha ya majina ifungwe siku 90 kabla, na mtaalamu wa usingizi akikosekana baada ya hapo, orodha ya wagonjwa ipunguzwe kwa uwiano, wala asichukuliwe mtu asiye na usajili.

Wanafunzi wanaoandamana na timu ni suala dogo linalozaa matatizo makubwa. Mwanafunzi wa mwaka wa nne hawi daktari kwa kuvuka bahari. Njia yake ni kupitia chuo kikuu mwenyeji, kama mwanafunzi wa mafunzo ya hiari, chini ya msimamizi anayejulikana kwa jina.

Sasa ipo hoja nzito ya upande wa pili, nayo haifai kupuuzwa. Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji ilikadiria mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 duniani hawana uwezo wa kupata upasuaji salama na wa gharama wanayoimudu kwa wakati, na kwamba upasuaji milioni 143 zaidi ulihitajika kila mwaka katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mtu aliyesimama mbele ya pengo hilo ana haki ya kuuliza kama ni busara kumrudisha daktari kwa sababu ya cheti kilichopitwa na muda kwa siku 6. Kwa mtoto wa mfano uliotajwa juu, kambi iliyoahirishwa ni mwaka mwingine wa kuchekwa na wenzake na wa kunyonya kwa shida.

Jibu halipatikani kwa kulegeza masharti siku ya mwisho. Hapo ndipo makosa hufanyika. Linapatikana miezi kadhaa kabla, kwa hospitali kuwa na ujasiri wa kusema “msije mwezi huo, njooni mwingine” wakati bado hakuna mgonjwa aliyeitwa. Tangazo la redioni ndilo linapaswa kuwa karatasi ya mwisho kabisa, litolewe baada ya usajili kutoka na kibali cha dawa kuwa mezani. Hospitali nyingi hulitoa kwanza, kwa kuwa tangazo ni rahisi na linapendeza wakubwa. Mgonjwa aliyeambiwa asubiri hadi Septemba akiwa kijijini kwake amecheleweshwa. Mgonjwa aliyeitwa Julai, akauza mbuzi, akarudishwa, amecheleweshwa na kufukarishwa.

Serikali nayo haina budi kuangaliwa. Mratibu mmoja wa kambi moja hushughulika na Uhamiaji, mabaraza ya kitaaluma, TMDA na Mamlaka ya Mapato, kila mahali kwa maombi yake, malipo yake na mfumo wake wa mtandaoni. Pasipoti ileile hupakiwa mara nne. Mwekezaji wa kiwanda alikuwa kwa miaka mingi akikuta maofisa wa taasisi mbalimbali wakihudumu pamoja katika kilichokuwa Kituo cha Uwekezaji. Ni vigumu kueleza kwa nini mtu anayekuja kutibu watoto bila malipo asipate walau nusu ya wepesi huo. Wizara ya Afya ingeweza kuweka dirisha moja la kambi za matibabu, lenye namba moja ya jalada inayosomeka na taasisi zote. Masharti yasingepungua hata moja. Kinachopungua ni siku za kuzunguka.

Gharama ni jambo ambalo adabu huzuia kulitaja. Ada za usajili, viza, wakala wa forodha, ghala, mafuta ya gari la kufuata mizigo, posho ya wauguzi wanaoongezwa zamu: zote hizi zina bei, na katika kambi nyingi hospitali huzibeba kimyakimya kutoka katika fungu la matengenezo au la dawa. Si haki. Timu inayoweza kukusanya fedha za nauli za watu 20 inaweza pia kuonyeshwa mapema bajeti yenye mstari wa uratibu, na nyingi hukubali pasipo kinyongo zikiulizwa. Wafadhili wao wanafahamu zaidi kuhusu gharama za kazi kuliko wenyeji wanavyodhani. Anayeona haya kuuliza ni mwenyeji.

Picha na takwimu zimeongeza karatasi nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu pia sura ya mtoto kabla na baada ya upasuaji, ambayo mgeni anataka kuionyesha kwa wafadhili wake. Ridhaa ya upasuaji si ridhaa ya picha. Fomu ziwe mbili, kwa Kiswahili kinachosomeka, na mzazi akikataa ya pili asihisi kwamba ameihatarisha ya kwanza. Ikiwa timu inakusudia kuandika makala ya kitaalamu kutokana na wagonjwa hao, huo ni utafiti. Unahitaji ithibati ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na watafiti wa kigeni wanahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, kabla ya mgonjwa wa kwanza, na jina la mtafiti mwenyeji liwemo tangu pendekezo la awali.

Zinabaki karatasi za kuondokea, ambazo hukosa muda kwa sababu siku ya mwisho kuna chakula cha kuagana. Kila mgonjwa anahitaji maelezo ya upasuaji yaliyoandikwa kwa mkono unaosomeka, nyuzi zilizotumika, lini zitolewe, dalili gani zimrudishe hospitali. Nakala moja ibaki katika jalada la hospitali na nyingine arudi nayo mgonjwa hadi zahanati yake. Upasuaji wa kaakaa unaweza kufunguka tundu wiki kadhaa baadaye, wakati aliyeshona yuko umbali wa saa 10 za ndege. Daktari mwenyeji atakayemwona mtoto huyo anahitaji kujua nini kilifanyika mle ndani. Kwa hiyo makubaliano yataje daktari mwenyeji mmoja aliyepewa wagonjwa wote, mgeni mmoja atakayejibu ujumbe wake kwa miezi 6, na siku mbili za mwisho za kambi zisizo na upasuaji mkubwa. Dawa zilizobaki zikabidhiwe kwa mfamasia kwa orodha, zenye uhai wa kutosha tu. Zilizobaki na wiki tatu zirudi na wenyewe au ziteketezwe kwa utaratibu na kwa gharama yao.

Hospitali zinazotarajia wageni Julai mwakani zina muda wa kutosha, mradi barua ya kwanza itoke Oktoba hii, ikiwa na jina na namba ya simu ya mratibu mmoja, hesabu ya vyumba vya upasuaji vitakavyokuwa wazi kweli, na orodha ya vitu ambavyo timu isibebe.